Kabla hujaweka pampu ya joto hapa Uingereza, panga kwanza bei ya umeme

Jamani mnaoishi Uingereza, kila baridi ikikaribia simu yangu inajaa swali lilelile, "kaka, hizi hitpampu wanazotuambia tuweke, bili si itatumaliza?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwa voisi za dakika saba kwa hiyo naandika mara moja. Jibu fupi ni kwamba pampu yenyewe haina kesi, kesi ni bei ya umeme unaoilisha. Mtu akifunga pampu akabaki kwenye bei ya kawaida anaweza kabisa kujikuta analipa zaidi kuliko alivyokuwa analipa gesi, na jirani yake mwenye pampu ileile na nyumba ya ramani ileile akawa analipa mamia ya pauni pungufu kwa mwaka, kisa tu yuko kwenye mpango mwingine wa bei na kapanga masaa yake vizuri.

Kwa ambaye hajui hiki kidude ni nini: unaikumbuka ile AC ya ofisini, ukipita nyuma kwenye kompresa unapigwa na joto kali? Joto lile limetolewa ndani likatupwa nje. Pampu ya joto ni AC iliyogeuzwa, inachota joto nje (hata nje kukiwa sifuri bado lipo la kuchota) inalileta ndani kwenye redieta na kwenye tanki la maji. Ndo maana yuniti moja (kilowati-saa) ya umeme inaweza kukupa yuniti tatu za joto, haitengenezi joto, inalibeba. Boila ya gesi haiwezi hiyo, yuniti moja ya gesi ikiingia unapata kama 0.88 au 0.9 hivi, nyingine imepotelea kwenye bomba la moshi.

Ile tatu tuliyosema ina jina, wataalamu wanaiita SCOP, ni wastani wa mwaka mzima. Serikali ya hapa ilifanya majaribio kwenye nyumba 742 za aina zote, mpya kwa za zamani, na pampu za kawaida, zile zinazochota joto kwenye hewa ya nje, zilikuwa zinacheza kwenye 2.8 hivi. Fundi mzuri akikufungia vizuri unafika 3.5 na zaidi. Iweke hiyo namba kichwani maana hesabu yote inategemea hapo.

Sasa chukua kalamu. Bei ya kikomo ya Ofgem, wale wasimamizi wa soko la umeme na gesi hapa, kwa Oktoba hadi Desemba 2025 ilikuwa wastani wa peni 26.35 kwa yuniti ya umeme na peni 6.29 kwa yuniti ya gesi. Yaani umeme ulikuwa mara nne na kidogo ya gesi. Hapo ndipo watu wanapokimbia, na siwalaumu. Tuseme nyumba yako inahitaji yuniti 10,000 za joto kwa mwaka, nyumba ya kawaida tu ya vyumba vitatu. Kwa boila utachoma kama yuniti 11,360 za gesi, hiyo ni pauni 715, ukiongeza ile ada ya kila siku ya gesi (wakati huo peni 34 kwa siku, unalipa hata ukisafiri kwenda Tanga mwezi mzima) unafika kama pauni 839. Kwa pampu ya SCOP 2.8 kwenye bei ya kawaida unalipa kama pauni 941. Umepigwa. Kwa pampu ya 3.5 unalipa kama 753, umeokoa vijisenti ambavyo havimshawishi mtu yeyote kuvunja ukuta wake.

Lakini shusha wastani wa bei ya umeme ufike peni 20, ileile pampu mbovu ya 2.8 inakuja pauni 714, na ile nzuri ya 3.5 inakuja 571. Shusha hadi peni 15, ni 536 na 429. Umeona? Hatujagusa pampu, hatujabadilisha redieta, tumegusa bei tu. Kwa hiyo mtu akikuuliza pampu inalipa au hailipi, na wewe muulize, kwa bei gani?

Wengine mtasema hii kitu ya bei maalum ni mambo ya wazungu. Si kweli, tumeizoea toka nyumbani. TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, wana madaraja ya bei, D1 ya matumizi madogo na T1 ya kawaida, mwenye D1 analipa shilingi 100 kwa yuniti mpaka yuniti 75 kwa mwezi, akizidisha zile zinazozidi anapigwa 350, na kila mtu mtaani anajua kujibana asivuke. Bei imebadilisha tabia ya mtu bila polisi wala semina. Hapa ni mchezo uleule, ila badala ya kukubana ki-yuniti wanakubana kisaa.

Haya, tuingie kwenye kazi yenyewe.

Kitu cha kwanza kabisa, kabla hata hujampigia fundi wa pampu, ni smatimita. Bila smatimita inayosoma kila nusu saa na kupeleka namba zenyewe, mipango karibu yote hii huipati, maana watajuaje ulitumia umeme saa ngapi? Nimeona mtu kafungiwa pampu Novemba halafu smatimita kaipata Machi, yaani baridi yote kalipa bei ya kawaida na kaanza kuitukana pampu kwa kila anayemsikiliza. Omba mita mapema, ikifungwa hakikisha kwenye akaunti yako umekubali isomwe kila nusu saa, wengi iko kwenye kusomwa mara moja kwa mwezi na hawajui. Na kama uko kwenye mita ya kulipia kabla, ile ya kuongeza salio, piga simu uulize kwanza, mara nyingi inabidi uhamishiwe kwenye malipo ya kila mwezi ndo wakupokee.

Cha pili, jua kuna aina mbili kubwa za mipango, zinafanya kazi tofauti kabisa na watu wanazichanganya.

Aina ya kwanza ni ya masaa. Maarufu ni Cosy Octopus, wa kampuni ya umeme ya Octopus Energy. Siku nzima imekatwa vipande, kuna masaa nane ya bei rahisi (saa kumi alfajiri mpaka saa moja asubuhi, saa saba mpaka saa kumi mchana, na saa nne mpaka saa sita usiku), kuna masaa matatu ya bei kali (saa kumi jioni mpaka saa moja), na yaliyobaki ni bei ya katikati. Kwa kukadiria tu, bei rahisi ni kama nusu ya ile ya katikati, na bei kali ni kama moja na nusu yake, namba kamili zinategemea unakaa wapi na zinabadilika, kwa hiyo weka postikodi yako uone mwenyewe. Kampuni nyingine kama EDF na E.ON nazo zimekuwa na za kwao zinazofanana.

Aina ya pili ni ya pampu peke yake. Kampuni ya OVO walikuja na ya peni 15 kwa kila yuniti inayoliwa na pampu, saa yoyote, halafu vitu vingine vya nyumbani, pasi, jiko, tivii, vinabaki kwenye bei ya kawaida. Hii haikusumbui na masaa, ila wana masharti ya pampu gani na imefungwaje maana lazima waweze kuipima kivyake, soma masharti mpaka mwisho, usisome ile namba kubwa ya rangi peke yake.

Uchukue ipi? Mi ushauri wangu ni huu: kama nyumba inavuja joto na huna muda wa kuchezea mipangilio, aina ya pili kama utaipata. Kama nyumba inashika joto na kuna mtu humo ndani anapenda kubonyezabonyeza app, aina ya kwanza, kwa sababu ile inashusha bei ya nyumba nzima, mashine ya kufulia na ya vyombo zote zinaingia humo. Ukiwa na gari la umeme au betri ukutani, fanya hesabu upya, unaweza kukuta mpango wa gari unakufaa kuliko wa pampu.

Sasa masaa, hapa ndo penye utamu na ndo watu wanapoanguka. Tuchukue mfano bei rahisi ni peni 14, ya katikati 28, kali 42. Ukijiunga halafu ukaiacha pampu inaunguruma sawasawa masaa 24 kama zamani, wastani wako unakuja kama peni 25. Yaani umejiunga na mpango maalum umeokoa peni moja na ushee! Sasa fanya kitu kimoja tu, izime ile saa kumi mpaka saa moja jioni. Wastani unashuka mpaka peni 22.7 hivi. Bado hujafanya lolote la maana. Halafu panga zaidi ya nusu ya kazi ya pampu, tuseme asilimia 60, iangukie kwenye yale masaa nane ya rahisi na iliyobaki kwenye ya katikati, wastani unakuwa kama 19.6. Mpangilio huo ni wa dakika ishirini kwenye kidhibiti cha pampu cha ukutani, basi.

Unafanyaje? Anza na tanki la maji ya moto maana ndo rahisi, tanki ni kama chupa ya chai, ukilichemsha linakaa. Weka lipashwe saa saba mchana mpaka saa kumi. Mchana nje kuna joto zaidi kidogo kuliko alfajiri kwa hiyo pampu inachota kirahisi, unapata bei nafuu na kazi nyepesi kwa wakati mmoja. Familia kubwa inayooga asubuhi wote kwa mpigo inaweza kuongeza mzunguko wa pili alfajiri.

Kwa joto la nyumba, usifanye kama boila. Tumezoea boila unaiwasha unapofika umetetemeka, inawaka dakika arobaini, unazima. Pampu haipendi hivo, pampu ni kama mama anayechochea uji kwa moto mdogo, mpe muda. Pandisha digrii moja au mbili juu kwenye masaa ya rahisi, tuseme 21 au 21 na nusu, halafu saa kumi jioni ishushe iwe 19. Kuta, sofa, sakafu vyote vimeshakula joto, vinakurudishia taratibu mpaka saa moja, na kama nyumba imezibwa vizuri hata hutagundua. Usiku usiizime kabisa, ishushe tu kidogo, maana ukiizima nyumba ikapoa sana, asubuhi inakuja kujitutumua na kula umeme mwingi kwa kazi ileile.

Angalizo kwa wajanja. Kuna wanaosema basi si niipandishe maji ya redieta yafike digrii 55 kwenye masaa ya rahisi nijaze nyumba joto? Kadiri maji yanavyotoka ya moto zaidi ndivyo pampu inavyochoka, ile 3.5 inashuka kuelekea 2.8 na chini. Kihesabu bado unaweza kutoka salama, peni 14 ukigawa kwa 2.8 ni peni 5 kwa yuniti ya joto wakati 28 ukigawa kwa 3.5 ni peni 8, lakini hiyo ni kama joto ulilolijaza linabaki ndani. Kama linatokea madirishani umepasha joto mtaa. Acha ule mpangilio unaofuata hali ya hewa ya nje uamue joto la maji lenyewe, siku nyingi litakuwa 35 mpaka 45, wewe cheza na digrii za chumba tu.

Halafu kuna saa, na hapa nicheke kidogo. Mipangilio yangu ya kwanza niliifanya nikiwa kazini kwa simu, nikamwambia kijana wangu, kazaliwa hapa, Kiswahili anasikia vizuri tu, "weka ianze saa kumi iishe saa moja." Akaweka 10:00 mpaka 13:00. Wiki mbili pampu inachapa kazi bei ya katikati na ile ya alfajiri tunaipita tumelala. Namuuliza ananiambia baba si ulisema saa kumi. Kwa hiyo ukiandika ratiba ya nyumba iandike kwa saa za kwenye app: 04 mpaka 07, 13 mpaka 16, 22 mpaka 00 ndo rahisi, na 16 mpaka 19 ndo usiguse. Bandika kwenye friji.

Kingine kilichonitesa ni ile hita ya umeme iliyomo ndani ya tanki. Pampu nyingi zina ratiba ya kupasha maji mpaka digrii 60 mara moja kwa wiki au zaidi kuua bakteria, na mara nyingi inatumia hita hiyo ya kawaida, ambayo yuniti moja inatoa yuniti moja, hakuna muujiza. Fundi wa kampuni moja nisiyoitaja aliniwekea ile kitu saa kumi na moja jioni, katikati ya masaa makali, na hakuniambia. Nilikuja kuiona mwenyewe kwenye grafu baada ya mwezi, kila Jumapili mlima umesimama palepale. Siku fundi anakukabidhi, mwambie akuonyeshe ratiba ya hita hiyo iko wapi, na uihamishe kwenye saa za rahisi mbele yake.

Sasa gesi. Zile pauni 124 za ada ya kila siku hutaziokoa mpaka ufunge akaunti ya gesi kabisa, na hii inabadilisha hesabu sana kuliko watu wanavyodhani. Ukibaki na gesi, kwa bei zile za kawaida unahitaji SCOP kama 3.7 ndo ulingane na boila, ukiifunga kabisa unahitaji kama 3.1 tu. Yaani kwa bei hizo jiko la gesi la kupikia peke yake linakugharimu zaidi ya pauni 120 kwa mwaka kabla hujawasha hata kiberiti. Lakini ndiyo, najua, ugali. Jiko la indaksheni, lile la umeme linalopasha sufuria kwa sumaku, linapika ugali vizuri tu na haraka, tatizo ni sufuria, zile za alumini tulizobeba kwenye mabegi toka nyumbani hazishiki kabisa. Chukua sumaku ya kwenye friji, ikinata chini ya sufuria itafanya kazi, isiponata mpe shemeji. Kikaango cha chuma cha chapati kinafanya kazi ajabu.

Kuhusu hela ya kufunga, haraka haraka: England na Wales kuna ruzuku ya pauni 7,500 kwa pampu, kwa zile za hewa ilikuwa 5,000 mwanzoni ikapandishwa Oktoba 2023, na wewe huombi, fundi ndo anaomba Ofgem halafu anakukata kwenye bei. Lazima awe amesajiliwa MCS, wale wanaothibitisha mafundi wa pampu, mtafute kwenye orodha yao kabla hujatoa hata pauni. Scotland wana mpango wao wa ruzuku na mkopo usio na riba. VAT ni sifuri mpaka 31 Machi 2027. Anayekugongea mlango anakwambia pampu bure leo leo saini hapa, mfungie. Na kama umepanga, uamuzi ni wa mwenye nyumba, wewe unachoweza ni kumpelekea hizi hesabu, na kama tayari kuna pampu ndani basi mpango wa bei ni haki yako kama bili iko kwa jina lako.

Mtu ananiuliza, hizi kampuni zinatupa bei nafuu kwa upendo? Hapana. Hapa Uingereza gridi inaelemewa jioni za baridi, watu wanarudi, jiko, taa, birika, kila kitu kwa mpigo, na umeme wa saa hizo ndo ghali kuununua. Ukihama hapo unawapunguzia gharama na wanakugawia kidogo. Ndo maana umbo la bei linategemea nchi. Massachusetts, Marekani, gridi imejengwa kubeba AC za kiangazi kwa hiyo baridi nyaya zina nafasi, wenzetu wa huko wenye pampu wanapunguziwa gharama ya usafirishaji wa umeme kuanzia Novemba mpaka Aprili, siku nzima, hamna habari ya masaa. Ujerumani tangu Januari 2024 anayefunga pampu mpya inayokula zaidi ya kilowati 4.2 anakubali mwenye gridi aweze kuibana kwa muda mpaka hapo nyaya zikielemewa, na yeye anapunguziwa ada ya mtandao. Denmark walipita njia ya kodi, nyumba inayopashwa kwa umeme ilipata nafuu kubwa ya kodi kwa matumizi yanayozidi yuniti 4,000 kwa mwaka.

Mi binafsi naona njia ya Denmark ndo inamfikia mtu wa kawaida, kwa sababu hii yetu ya masaa inampa zaidi aliye nyumbani mchana na anayeelewa app, na bibi wa miaka 75 tunamwachia nani? Hapa umeme umekuwa ghali kwa sehemu kwa sababu tozo za kulipia nishati safi na mipango ya kijamii ziliwekwa zaidi kwenye umeme, gesi ikaponyoka. Kwenye bajeti ya Novemba 2025 serikali ilitangaza kubeba robo tatu ya gharama moja kubwa ya hizo kwa nyumba za watu kwa miaka mitatu kuanzia Aprili 2026, kwa hiyo ukisoma hii baadaye chukua bei mpya za Ofgem urudie hesabu yangu, njia ni ileile: bei ya umeme gawa kwa SCOP, linganisha na bei ya gesi gawa kwa 0.88.

Mwezi wa kwanza ukiisha fanya hivi. Fungua app, chukua pauni zote za umeme ulizotumia bila ile ada ya kila siku, gawa kwa yuniti zote. Ikija chini ya peni 20 tulia, usiguse kitu. Ikija 22 au 23 unaikwepa jioni lakini hujahamishia kazi ya kutosha kwenye masaa ya rahisi. Ikizidi 24, fungua grafu uangalie 16 mpaka 19 kuna nini kinawaka. Kwangu mara ya mwisho haikuwa pampu hata kidogo, ilikuwa mashine ya kukausha nguo.